Paneli Iliyoelekea Kibla

Watu wanaopita njia ya nyuma ya msikiti, pale Kerege upande wa bara, bado hugeuza shingo magharibi ikiingia. Wanatazama mahali palipokuwa na taa. Nyumba ya Mwanamvua binti Shuaibu imefungwa, redio haisemi, na juu ya bati yamebaki matundu manne yaliyozibwa kwa lami. Kunguru wamerudi kutua pale. Kwa mwaka mzima na zaidi hawakuthubutu, maana mwenye nyumba alikuwa na fimbo ndefu iliyofungwa kitambaa nchani, ya kufutia kioo, na kunguru aliyekaribia aliijua.

Mwanamvua hakuwa mtu wa umeme. Alikuwa msukaji wa mikeka. Tangu ana miaka minane alikuwa na majani ya miyaa mkononi, akisuka ukili, ule utepe wa mkeka, huku akizungumza, huku akipika, huku akimnyonyesha mwanawe Yahya ambaye sasa ni mtu mzima na anaishi Tanga. Alikuwa amefika miaka hamsini na mbili. Mumewe, Mwinyijuma, alikuwa mkulima wa mihogo mpaka watu wa Dar walipoanza kununua viwanja Mapinga. Hapo akaacha jembe, akavaa viatu vya kufunga kamba, akawa dalali. Kiwanja kimoja akajibakizia mwenyewe, akajenga vyumba viwili, na ndani yake akamweka mke wa pili, Sabiha, mwanamke wa miaka thelathini na mbili mwenye sauti ya chini na mikono ambayo piko haikuwahi kukauka.

Ndoa ile Mwanamvua hakuipinga. Mkeka wa maharusi alisuka yeye, na aliusuka vizuri, asije mtu akasema. Alichokishika ni zamu: siku mbili Kerege, siku mbili Mapinga, kama sheria inavyotaka. Mwaka wa kwanza zamu ilikwenda sawa. Kisha Mwinyijuma akaenda dukani akamnunulia Sabiha paneli ya sola, balbu tatu na feni. Mapinga ile ya ndani nguzo za umeme zilikuwa hazijafika, kama ambavyo hazikuwa zimefika kwa Mwanamvua.

"Kule kuna taa," Mwanamvua alimwambia mchana mmoja, mumewe akinawa mikono baada ya kula.

"Ndogo tu."

"Na feni."

"Feni inapuliza, Mama Yahya, haizungumzi."

"Na mimi je?"

"Wewe umezoea kibatari. Ukiwekewa taa utaanza kuona vumbi ambalo hukulijua."

Akacheka. Mwanamvua naye akacheka, akaondoa sahani.

Joto la Januari likaja, na Mwinyijuma akaanza kukosa zamu. Mara gari limeharibika, mara mteja anataka kuoneshwa mipaka asubuhi na mapema, mara kuna mpira. Mwanamvua hakumuuliza mtu. Alikuwa ameanza mkeka mpya mweupe, na kila siku ya zamu ambayo mume hakuja aliingiza ndani yake jani moja lililotiwa rangi nyeusi. Kufikia mwezi wa tatu mkeka ule ulikuwa na madoa kama manyoya ya kanga, na majirani wakausifu wakidhani ni mtindo.

Usiku hakumfikiria Sabiha. Aliiwazia feni. Alimwona mumewe amelala chali, kifua wazi, upepo unampitia, na upepo huo hautoki kwake. Hilo ndilo lililomnyima usingizi: kwamba ameshindwa na kitu chenye mabawa matatu ya plastiki.

Saida, binti wa dada yake Habiba wa Vigwaza, alikuwa akifanya kazi katika duka la vifaa vya umeme mjini Dar. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba paneli huweza kuundwa nyumbani. Kuna boksi linauzwa, lina vile vipande vya buluu vinavyokamata jua, nyaya zake na karatasi ya maelezo. Kioo na fremu unatafuta mwenyewe. Mwanamvua akauza mikeka yote iliyokuwa ndani ila ule wa madoa, na mwezi wa nne Saida akaja na boksi limefungwa kwa khanga kama mtoto.

Ndani mlikuwa na vipande arobaini, vyembamba kuliko kucha. Cha kwanza Mwanamvua alikivunja kwa kukitazama tu, ndivyo alivyosema mwenyewe. Alikiinua kwa ncha za vidole na kikakatika kabla hajajua amekishika. Cha pili alikibana, cha tatu alikipumulia.

"Pole pole, mama mdogo," Saida alimwambia. "Tunahitaji thelathini na sita. Ukivunja viwili zaidi hatuna paneli."

"Basi ninyamazishie redio."

Umeme wa kupashia chuma cha kulehemu haukuwepo, kwa hiyo fundi redio wa pale barabarani akampa vijiti viwili vya shaba vyenye mpini wa mti. Vilipashwa kwenye jiko la mkaa. Kimoja kikipoa, cha pili kiko motoni. Saida akamwonesha: utepe mwembamba wa bati unapita juu ya kipande hiki, kisha unaingia chini ya kile kinachofuata, juu, chini, juu, chini, mpaka mwisho wa safu. Juu ni hasi, chini ni chanya, na ukikosea mmoja safu nzima inakufa.

Mwanamvua akatazama kwa muda. Kisha akavuta kiti chake kidogo mbele.

"Huu si umeme," akasema. "Huu ni ukili."

Saida alikaa siku mbili, akatafsiri karatasi ya maelezo kwa penseli upande wa nyuma, akarudi kazini. Mwanamvua akaendelea peke yake wiki tatu, mvua ya masika ikipiga bati. Vidole viwili viliungua, vikapona, vikaungua tena. Aliuweka ule mkeka wenye madoa chini, juu yake ubao, juu ya ubao vile vipande, na mikono ikafanya kazi yake ya miaka arobaini na minne kwa uzi mpya. Hakuvunja tena hata kimoja. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu wa Mapinga wakamkatia fremu na kioo. Hakuwaambia ni vya nini, na kila alipopita kwenda kwao alipita nyuma ya nyumba ya Sabiha na kuitazama paneli ya dukani iking'aa. Ilikuwa ndogo kuliko yake. Hilo lilimfurahisha kwa siku nzima.

Mwezi wa sita akapanda mwenyewe juu ya bati kwa ngazi ya kuazima. Karatasi ilisema, kwa mkono wa Saida: elekeza kusini, inamisha nyuzi thelathini na tano. Akafanya hivyo. Akaunganisha betri kuukuu ya gari, akabonyeza swichi, na chumba kikawaka. Lakini taa ile ilikaa muda wa kula tu. Kabla ya adhana ya isha ilianza kuwa nyekundu, kisha ikafa. Ikawa hivyo kesho yake na kesho kutwa. Majirani walioingia kuona wakatoka wakikohoa kwa adabu.

Siku ya tano, adhuhuri, alitandika mkeka uani akasimama kuswali. Jua likampiga usoni. Aliposujudu lilimpiga utosini, na kivuli chake kilikuwa nyuma yake, kifupi, kinaelekea kusini. Baada ya kutoa salamu hakuondoka pale. Kibla yetu pwani hii iko kaskazini, na miezi ile jua nalo huwa upande wa kibla. Kila mwanamke mzee aliyewahi kupima wakati wa sala kwa kivuli cha kijiti anajua hilo. Akainua macho juu ya bati. Paneli yake ilikuwa imelipa jua mgongo.

Picha iliyokuwa kwenye karatasi ilionesha nyumba yenye paa lililosimama wima na moshi ukitoka juu yake. Watu wa nyumba ile jua lao lilikuwa kusini. Mwanamvua akaazima tena ngazi, akafungua boliti nne, akaigeuza paneli, akailaza karibu na usawa, uso wake kibla. Usiku ule taa iliwaka mpaka alfajiri.

"Mwanamvua amelifundisha bati kuswali," wakasema wanawake kisimani, naye safari hii akacheka kweli.

Mwinyijuma alikuja wiki iliyofuata, si siku ya zamu. Alisikia habari barabarani. Alisimama uani, viatu vya kamba vimejaa vumbi, akatazama juu.

"Nani kanunua hii?"

"Haikununuliwa. Imeundwa."

"Imeundwa na nani?"

"Na mimi."

"Mama Yahya, mimi si mtoto. Mwanamume gani amepanda juu ya bati langu?"

Mwanamvua akamnyooshea mikono, viganja juu. Mwinyijuma akayatazama yale makovu ya moto kwenye vidole, akakigusa kimoja. Miaka mingi ilikuwa imepita hajashika mkono ule isipokuwa kupokea kitu. Hakuuliza tena, lakini siku ile alilala Kerege, na kesho yake pia.

Feni ikaongezwa mwezi wa kumi. Zamu ikarudi, kisha ikazidi: Mwinyijuma alianza kupita hata siku za Mapinga, akisema anachaji simu. Mwanamvua akamaliza mkeka wa madoa. Sehemu yake ya mwisho ilikuwa nyeupe tupu. Aliporudi kutoka dukani na mafuta ya nazi, watu waliona anatembea kwa namna nyingine.

Mwezi wa pili wezi wakapita Mapinga. Waling'oa paneli nne mtaa ule, ya Sabiha ikiwamo. Mwinyijuma akaja na uso wa msiba, akaketi barazani, akazungushazungusha kofia mkononi.

"Mwenzako yuko gizani."

"Pole yake."

"Ya dukani siku hizi bei yake haishikiki. Nimemwagiza Saida boksi lile lile la kwako. Utamtengenezea."

"Umenunua boksi?"

"Nimenunua."

Langu nililisuka, akafikiri Mwanamvua. La kwangu nililisuka jani kwa jani.

"Ni uadilifu, Mama Yahya. Mwanamume mwenye wake wawili anaulizwa siku ya kiyama."

"Uadilifu umeujua leo?"

Mwinyijuma akavaa kofia. Naye Mwanamvua hakukataa, maana mke mkubwa akikataa jambo kama hilo mji mzima hulijua kabla ya alasiri.

Sabiha akaja Kerege kusaidia. Alipiga hodi kwa adabu, akavua viatu mbali na mlango.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu ndani."

Walikaa mkeka mmoja siku tisa, Mwanamvua akilehemu, Sabiha akimpa vipande kimoja kimoja na kupepea mkaa. Mikono ile laini ilikuwa myepesi. Alivunja kimoja tu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na hakuwa na hila. Mwanamvua angependa awe na hila. Alimtazama shingo, alimtazama alivyoinama bila kushika kiuno, alisikia harufu ya udi kwenye nguo zake, akajua umetoka kabati moja na kanzu za Mwinyijuma.

Siku ya tano Sabiha akacheka peke yake.

"Unacheka nini, bi mdogo?"

"Nimemkumbuka Mwinyijuma na machungwa yake. Kwako pia anamenya hivyo? Ganda zima, halikatiki, refu kama mkanda. Halafu analitundika msumarini. Namwambia, ukuta wangu umekuwa mnada."

Mwanamvua alikuwa ameshika kijiti cha moto. Alikiweka jikoni taratibu, akachukua cha pili. Alilikumbuka ganda lile. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, chumba cha kupanga mjini Bagamoyo, nyuma ya soko, na msumari ulikuwa juu ya kitanda. Ganda likikauka chumba kizima kilinukia. Hakukumbuka maganda yale yalikwisha mwaka gani. Alidhani yalikwisha kwa sababu ya umri, kama vitu vingine. Kumbe yalihama.

"Ndiyo," akasema. "Anamenya hivyo."

Mwezi wa tano, mvua ikipungua, walikwenda Mapinga kuifunga paneli mpya. Mwanamvua akapanda juu ya bati, ambako nguzo ya chuma ilikuwa imesimikwa tayari. Akaielekeza paneli kusini. Akaiinamisha nyuzi thelathini na tano, kamili, kama karatasi inavyosema. Alikaza boliti moja moja.

"Dada," Sabiha akaita kutoka chini, ameziba jua kwa kiganja, "ya kwako si inaangalia upande ule?"

"Ya kwangu nilikosea. Karatasi inasema huku."

Akamshushia ile karatasi ili ajisomee.

Taa ya Sabiha ikafa kabla ya isha, na kila jua lilivyozidi kwenda kaskazini ndivyo ilivyokufa mapema zaidi. Mwinyijuma akasema mikono ya bi mdogo ndiyo iliyoharibu kazi. Mwezi wa sita alilala Mapinga siku nne. Mwezi wa saba, mbili. Mwanamvua hakuwa na haja ya majani meusi tena. Alikuwa na mume wake wote.

Alikwenda sokoni akanunua machungwa. Aliyapanga kwenye sahani ya udongo, akaweka kisu pembeni, kile chenye makali, akaiweka sahani mbele ya Mwinyijuma wakati wa alasiri, kisha akajitia kukunja nguo. Mwinyijuma alikuwa akitazama simu iliyochomekwa kwenye chaji. Mkono wake ukapapasa, ukapata chungwa, ukapata kisu. Akavinyoosha vyote viwili upande wa mkewe bila kuinua macho.

"Nimenyee."

Mwanamvua akamenya. Ganda likakatika mara tatu.

Mwezi wa nane, asubuhi, Sabiha akapiga hodi. Safari hii hakuvua viatu. Alisimama ukingoni mwa baraza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimekuja kukwambia ile paneli nimeigeuza."

Mwanamvua akaendelea kusuka.

"Niliona nikiswali adhuhuri," Sabiha akasema. "Jua liko machoni mwangu. Nikafikiri, mbona kioo kile kinalikimbia? Nikapanda mwenyewe. Sasa inawaka mpaka asubuhi."

"Umemwambia?"

"Nani?"

"Baba Yahya."

"La."

"Kwa nini?"

Sabiha akatazama kioo kilichokuwa juu ya bati, kisha akamtazama yeye. "Nimwambie nini, dada? Kwamba umenidanganya? Itabidi nimuulize naye ilikuwaje miezi mitatu asinikumbuke. Sijui atanijibu nini." Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Mume tuliye naye ni kumbikumbi. Anafuata balbu."

"Usimtukane mumeo mbele yangu."

"Haya. Nisamehe."

Aliaga vizuri, akaenda zake. Mwanamvua alibaki na ukili mkononi. Haya alinisimulia mwenyewe, mwaka jana, nilipotoka Kerege kwenda kumjulia hali. Alisema aliuonea wivu uso wa mwanamke yule, mikono yake, machungwa yake. Lakini hakuna kitu alichomwonea wivu kama ile siri aliyoitunza. Alikuwa ametendewa wema na mtu ambaye yeye mwenyewe alimfitini, na wema ule haukumpooza. Ulimchoma. "Hata hilo," alisema, "alinizidi."

Sheria inamruhusu mke kumwachia mwenzake zamu yake. Si talaka, wala si ugomvi. Ni neno analosema mbele ya mume, basi. Mwanamvua alilisema Ijumaa baada ya sala, Mwinyijuma akiwa barazani na kanzu yake.

"Zamu zangu nimempa Sabiha."

"Ngapi?"

"Zote."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kule taa inawaka sasa. Hutapata shida."

Mwinyijuma akageuka kutazama ndani. Akauliza kama feni itabaki. Mwanamvua akamwambia achukue, akampa na betri. Ngazi hakuiazima tena kwa jirani; alikuwa amekwisha kununua yake. Alifungua boliti nne, akaishusha paneli, akarudi kuziba matundu kwa lami mvua isiingie, kisha akaifunga paneli ndani ya ule mkeka wenye madoa na kuushona pembe zote kwa shazia, sindano yake ya mikeka.

Siku nilipomkuta Vigwaza, alikohamia, alikuwa akisuka. Kipande cha buluu kilichobaki kwenye boksi la kwanza, kile kimoja ambacho hakikuhitajika, amekiweka kwenye kabati la vyombo kati ya sahani mbili. Nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani, akanituma niwasalimie watu wote wa Kerege, mmoja mmoja kwa majina. Kisha akaniuliza, akitazama malori, kama nikipita Mapinga huwa naona maganda ya machungwa dirishani. Nikamwambia sijatazama.

Mwanamvua binti Shuaibu yuko Vigwaza, kwa dada yake Habiba, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga. Paneli iko juu ya bati la jikoni, inaelekea kaskazini.